Cherehani Ijikatiayo Uzi

Bila shaka umewahi kusimama barazani kwa fundi cherehani ukingojea sare yako ya shule. Kama ulimtazama kwa makini, uliona kwamba kazi yake haikuwa kushona tu. Kila alipofika mwisho wa mshono alilisimamisha gurudumu kwa kiganja, akalizungusha kidogo hadi sindano ikapanda juu, akainua chuma kinachokandamiza nguo, akaivuta nguo kando, na nyuzi mbili zikaifuata. Ndipo alipochukua mkasi akazikata. Kisha akaigeuza nguo na kuanza mshono mwingine; na mwisho wa mshono huo mkasi ukarudi tena mkononi.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme shati moja la shule lina mahali 20 pa kukata uzi, na kila mahali humchukulia fundi sekunde 6. Kwa shati moja ni sekunde 120, yaani dakika 2. Kwa mashati 30 ni dakika 60. Saa nzima imepita, wala sindano haikuchoma hata mara moja katika saa hiyo.

Fundi wa barazani haoni hasara kubwa, kwa sababu kazi yake ina nafasi za kupumua. Katika kiwanda cha nguo hali ni nyingine. Huko mtu mmoja hushona kola kutwa nzima, mwingine mifuko, mwingine mikono, na kila mmoja hutazamiwa kutoa idadi fulani ya vipande kila saa. Mkono uendao kuchukua mkasi mara mia kadhaa kwa siku huchoka. Na idadi isipotimia, mshonaji ndiye aulizwaye.

Kwa sababu hiyo cherehani nyingi za viwandani zimewekewa kisu ndani yake. Mshonaji afikapo mwisho wa mshono hukibonyeza kisigino chake juu ya kanyagio. Husikika mlio mfupi, "tak!", na nguo iko huru. Hakuna mkasi ulioonekana, wala hakuna mkono ulionyanyuka. Ukiitazama mashine kutoka juu hutakiona kisu popote. Kimefichwa chini ya bamba la chuma ambalo nguo hupita juu yake.

Mtu aweza kusema, "Kuna ajabu gani hapo? Kisu ni kisu." Jibu hilo hutolewa na watu wengi, nao hukosea. Kukata uzi ni jambo jepesi; hata meno hukata. Jambo gumu ni kuukata uzi unaotakiwa, kuuacha usiotakiwa, na kufanya hivyo kwa wakati wake. Ili tuelewe ugumu huo, sharti kwanza tujue nyuzi zinafanya nini chini ya nguo, mahali ambapo jicho halifiki.

Nyuzi mbili na kitanzi kimoja

Ukishona kwa mkono unatumia uzi mmoja. Cherehani hutumia nyuzi mbili. Uzi wa juu hutoka katika kibiringo kilicho juu ya mashine, ukapita katika tundu la sindano. Uzi wa chini umeviringwa katika bobini, nayo bobini imo ndani ya kikombe chake chini ya bamba. Tena sindano ya cherehani haifanani na ya mkono. Tundu lake liko karibu na ncha, si mwishoni. Elias Howe wa Marekani alitumia sindano ya namna hiyo katika cherehani yake, ambayo serikali ya nchi yake ilimpa hati ya uvumbuzi mwaka 1846.

Fanyeni jaribio hili mkiwa wanne wanne.

Tafuteni sindano kuukuu ya cherehani, gunzi la mhindi, kipande cha kitambaa, uzi mwekundu, uzi wa buluu na njiti ya kiberiti. Sindano mwaweza kuiomba kwa fundi. Msalimuni kwanza, kisha mwelezeni mnaitaka kwa kazi gani. Choma upande mnene wa sindano katika gunzi ili gunzi liwe mpini. Tunga uzi mwekundu katika tundu. Viringa uzi wa buluu katika njiti, uache ncha inayoning'inia. Njiti hiyo ndiyo bobini yenu.

Wanafunzi wawili wakinyooshe kitambaa hewani. Wa tatu aichome sindano kutoka juu hadi tundu lipite chini ya kitambaa, huku akiishika ncha ya uzi mwekundu juu ya kitambaa kwa kidole gumba. Wa nne asiweke mkono wake chini mpaka sindano itulie. Sasa mchomaji aipandishe sindano kidogo sana, kiasi cha unene wa penseli, kisha asimame.

Mnaona nini karibu na tundu la sindano?

Uzi umetuna kando ukafanya kitanzi. Sababu yake ni msuguano. Sindano imeanza kupanda, lakini uzi umebanwa na kitambaa wala hauwezi kupanda upesi pamoja nayo. Kwa kuwa hauna pa kwenda, hutuna. Fundi asiyejua jina la msuguano hulitegemea jambo hilo kila siku. Lisingalikuwako, cherehani isingaliweza kushona.

Wa nne aishike ncha ya buluu kwenye kitambaa, kisha aipitishe njiti yote ndani ya kitanzi. Mchomaji aitoe sindano na kuukaza uzi mwekundu polepole. Uzi mwekundu umeukumbatia uzi wa buluu na kuubana chini ya kitambaa. Hiyo ni kazi ya mchomo mmoja. Rudieni mara tano au sita mahali tofauti, na mtakuwa na mshono.

Katika mashine hakuna mwanafunzi wa nne. Kazi yake hufanywa na ndoana ya chuma izungukayo. Ndoana hukidaka kitanzi, hukipanua, na kukipitisha kuizunguka bobini pamoja na kikombe chake, kama vile mtu avishavyo kamba kubwa kulizunguka tikiti akaitolea upande wa pili. Katika cherehani nyingi za viwandani ndoana huzunguka mara mbili kila sindano inapochoma mara moja. Katika mzunguko wa kwanza hubeba kitanzi. Katika wa pili huenda mikono mitupu, ikingojea kitanzi kijacho.

Nyuzi tatu, zikatwe mbili

Sasa rudieni jaribio lile, lakini safari hii msimame katikati. Njiti ikiwa imo ndani ya kitanzi, na kitanzi kikiwa kipana, mchomaji aipandishe sindano mpaka itoke juu ya kitambaa, wala asiukaze uzi. Kila mtu atulie. Chungulieni chini ya kitambaa mkahesabu nyuzi.

Ziko tatu. Mbili ni nyekundu, kwa sababu kitanzi kina pande mbili. Upande mmoja hupanda kwenye sindano. Tuuite upande wa sindano. Upande wa pili hupanda kwenye mchomo uliotangulia katika kitambaa. Tuuite upande wa nguo. Zote mbili hupita katika kishimo kimoja, kwa hiyo ni rahisi kuzichanganya. Mkitaka kuzitambua, ivuteni sindano juu polepole. Upande utakaosogea kwanza ndio wa sindano. Uzi wa tatu ni wa buluu, utokao kwenye njiti kwenda kwenye kitambaa.

Kateni uzi wa buluu kwa mkasi. Kisha kateni upande wa sindano, karibu na kitambaa. Vuteni sindano. Mnaona? Sindano imebaki na ncha fupi mno, nayo ncha hiyo huchomoka upesi katika tundu. Na chini ya kitambaa mkia mrefu mwekundu unaning'inia bila faida.

Anzeni upya. Safari hii kateni uzi wa buluu na upande wa nguo. Vuteni sindano tena. Sasa kitambaa kimebaki na mkia mfupi, na sindano imeondoka na uzi mrefu, uliokuwa kitanzi kizima muda mfupi uliopita. Uzi huo unatosha kuanzia mshono mwingine.

Hapo ndipo penye siri ya cherehani ijikatiayo uzi. Kati ya nyuzi tatu zilizo chini ya bamba, kisu hutakiwa kukata mbili na kuuacha mmoja. Kikikata upande usiofaa, sindano itabaki uchi, na mshonaji atapoteza muda wa kutunga uzi, ambao ni mrefu kuliko ule wa kushika mkasi. Kikizikata zote tatu, mambo ni yale yale, na kipande cha uzi kitaanguka karibu na ndoana, mahali pabaya kuliko pote. Mashine ya namna hiyo ingekuwa mzigo kwa mwenyewe.

Jinsi kisu kinavyochagua

Utazame mkasi wako. Una makali mawili yapitanayo. Chini ya bamba la cherehani nako kuna makali mawili, lakini moja limefungwa kwa skrubu wala halisogei. Jingine hutembea. Kisu kitembeacho si kirefu. Hufanana na mdomo wa ndege, wenye ncha mbele na kishimo nyuma ya ncha kama ndoana ya samaki.

Ndoana ya mashine ikiwa imekipanua kitanzi, kisu kitembeacho huenda mbele. Ncha yake huingia katikati ya pande mbili za uzi mwekundu na kuzitenga, kama vile kidole kinavyotenga nywele wakati wa kusuka. Upande wa sindano huachwa nje. Upande wa nguo huachwa mahali ambapo kisu kitarudia, pamoja na uzi wa buluu. Kisha kisu hurudi nyuma. Kile kishimo huzidaka nyuzi hizo mbili, na kuzikokota hadi kwenye makali yaliyotulia. Hapo hukatwa.

Angalia kwamba kisu hakikati kinapokwenda. Hukata kinaporudi. Kwenda ni kuchagua, kurudi ni kukata.

Katika nguo hubaki mikia mifupi, ambayo kwa kawaida haizidi sentimita 1 au pungufu kidogo. Uzi wa bobini nao huachiwa ncha inayotosha kudakwa na kitanzi cha kwanza cha mshono ujao.

Suala la wakati

Kuna muda mfupi tu ambapo kazi hiyo yawezekana. Kisu kikiwahi, kitanzi bado ni chembamba, pande zake mbili zimegusana, na ncha ya kisu haina pa kuingilia. Kisu kikichelewa, kitanzi kimekwisha kuizunguka bobini na kuvutwa juu na ule mkono wa chuma upandao na kushuka mbele ya mashine. Hakuna kitanzi tena cha kutenga.

Cherehani ya kiwandani huweza kuchoma michomo 4000 hadi 5000 kwa dakika. Gawanya 5000 kwa sekunde 60 na utapata zaidi ya michomo 80 katika sekunde moja. Katika mwendo huo hakuna kisu kitakachoweza kuingia na kutoka salama. Kwa hiyo mshonaji abonyezapo kisigino, kitu cha kwanza kutokea si kukata. Mota hupunguza mwendo mpaka michomo 200 hivi kwa dakika. Sasa mchomo mmoja huchukua sehemu 3 za kumi za sekunde, muda usiotofautiana sana na kupepesa jicho. Kwetu bado ni upesi. Kwa mashine hiyo ni nafasi ya kutosha.

Lakini mashine hujuaje sindano ilipo? Haina macho. Namna moja ni hii: kisahani chembamba chenye pengo hufungwa mahali pazungukapo pamoja na gurudumu la mashine. Upande mmoja wa kisahani kuna taa ndogo, na upande wa pili kuna kifaa kihisicho mwanga. Kisahani kinapozunguka huuzuia mwanga. Pengo linapofika, mwanga hupita, na kifaa hupeleka umeme kidogo kusema, kwa lugha yake, "Sindano iko juu," au "Sindano iko chini." Mashine nyingine hutumia sumaku ndogo badala ya mwanga. Njia ni tofauti, habari ni ile ile.

Habari ikisha kufika, nani hukisukuma kisu? Hapa mashine hutumia sumaku ya umeme. Unaweza kutengeneza yako. Viringa waya wa shaba uliovikwa plastiki mara 50 kuuzunguka msumari mrefu wa chuma. Unganisha ncha za waya na betri mbili za tochi. Sogeza pini karibu na msumari. Pini hudakwa. Achia waya mmoja, pini huanguka. Usiziache betri zikiwa zimeungwa kwa muda mrefu, kwa sababu waya hupata moto. Umeona kwamba sumaku hii hutii: umeme ukija hushika, ukiondoka huacha.

Ndani ya cherehani, sumaku ya umeme haikati uzi kwa nguvu zake. Hufanya kazi ndogo zaidi ya hiyo. Kwenye mhimili unaozunguka pamoja na mashine kuna gurudumu lenye nundu, lisilo duara kamili. Wakati wa kushona, gurudumu hilo huzunguka bure bila kugusa kitu. Sumaku ikivuta, kijiti cha chuma hutegemea juu ya gurudumu. Nundu ikipita chini yake hukiinua kijiti, nacho kijiti hukisukuma kisu mbele. Nundu ikisha kupita, kisu hurudi. Kwa kuwa gurudumu la nundu na ndoana huendeshwa na mashine ile ile, kisu hakiwezi kuwahi wala kuchelewa maadamu fundi ameliweka sawasawa. Umeme huamua kama kisu kitatembea. Nundu huamua kitembee lini. Katika baadhi ya mashine za siku hizi nundu imeondolewa, na kisu husukumwa na mota yake ndogo. Lakini mota hiyo nayo hungojea habari za sindano kabla ya kusogea.

Kisu hakifanyi kazi peke yake. Kumbuka kwamba uzi wa juu hubanwa na visahani viwili vidogo ili usilegee. Wakati wa kukata, visahani hivyo hufunguliwa kidogo uzi zaidi upate kutoka, la sivyo sindano ingebaki na ncha fupi hata kama kisu kimekata mahali pake. Kisha sindano husimama ikiwa juu. Katika mashine nyingi waya mdogo uliopinda hupita chini ya sindano kama ufagio, ukauondoa mkia wa uzi usije ukanaswa katika mshono ujao. Chuma cha kukandamiza huinuka. Mambo yote hayo huchukua muda mfupi kuliko ule ulioutumia kukisoma kifungu hiki.

Mashine ikikosea

Fundi wa kutengeneza mashine kiwandani hafungui kila skrubu. Huuliza kwanza dalili, kama afanyavyo daktari. Nawe sasa wajua ya kutosha kumsaidia kufikiri.

Mshonaji analalamika kwamba kila akianza mshono mpya sindano haina uzi. Basi ncha iliyobaki ni fupi. Je, kisu kimekamata upande wa sindano kwa sababu kimesogea kabla au baada ya wakati wake? Au kimekata sawasawa, ila vile visahani havikufunguka? Fundi huutazama mkia ulio chini ya nguo. Ukiwa mrefu, kosa ni la kisu. Ukiwa mfupi kama kawaida, kosa huenda ni la visahani.

Mshonaji mwingine asema uzi wa juu hukatwa lakini wa chini hubaki mzima. Hapo kisu kimepita pembeni ya uzi wa bobini bila kuudaka. Wa tatu aonyesha mikia iliyochakaa kama mswaki wa zamani. Huyo kisu chake ni butu. Uzi wa poliesta ni mgumu kuliko wa pamba, nao huyamaliza makali upesi.

Na mara nyingi kosa si la chuma hata kidogo. Nguo ikishonwa hutoa vumbi la nyuzi. Vumbi hilo hushuka chini ya bamba, huchanganyika na mafuta, na kukizuia kisu kisifike mwisho wa safari yake. Brashi ndogo huondoa ugonjwa huo. Fundi mwangalifu huanza na brashi kabla ya bisibisi.

Lakini kabla ya kuligusa bamba, umeme huzimwa, na fundi hungoja mpaka mota itulie kabisa. Kisu hiki hakitofautishi uzi na kidole. Hutembea mara kanyagio libonyezwapo kwa kisigino, hata ikiwa aliyebonyeza alisahau kwamba mwenzake ameingiza mkono. Kwa ajili hiyo usijaribu kufungua mashine yoyote ya umeme bila mtu mzima anayeijua.

Jambo moja kisu hakiwezi kulifanya. Hakiwezi kuufunga mshono. Uzi uliokatwa kisha ukaachwa hivi hivi huanza kufumuka, na pindo la sketi huanguka siku ya kwanza ya kucheza. Fundi wa barazani hushona mbele, hurudi nyuma michomo mitatu au minne juu ya mshono ule ule, ndipo akate. Mashine ya kiwandani yaweza kuamriwa irudi nyuma yenyewe kabla ya kukata, lakini sharti mtu aiamuru. Tena, mwishoni mwa kazi, nguo hupita mikononi mwa watu wenye mikasi midogo, ambao huzitazama moja moja na kuondoa mikia iliyobaki. Kisu cha ndani kimepunguza kazi ya mkasi. Hakijaufukuza.

Maswali

1. Kwa nini kitanzi hutokea sindano inapoanza kupanda, wala hakitokei inaposhuka? Eleza kwa kutumia neno "msuguano".

2. Chora katika daftari lako kitambaa, sindano iliyo juu yake, na nyuzi tatu zilizo chini yake. Tia alama ya mkasi mahali panapofaa kukatwa.

3. Mwanafunzi mmoja alisema, "Kisu kingewekwa juu ya bamba, mbele ya sindano, kazi ingekuwa rahisi zaidi." Mwambie kisu hicho kingekata nyuzi zipi na kingeziacha zipi.

4. Mashine inachoma michomo 4800 kwa dakika. Ni michomo mingapi kwa sekunde moja? Ikipunguza mwendo hadi michomo 240 kwa dakika, kila mchomo utachukua muda mara ngapi ya ule wa kwanza?

5. Fundi akatae kwa mkasi huacha sentimita 8 za uzi wa juu na sentimita 8 za uzi wa chini kila mahali, kisha huzitupa. Shati lina mahali 20. Je, mita ngapi za uzi hutupwa katika mashati 30?

6. Gurudumu lenye nundu limelegea, nalo limezunguka kidogo kwenye mhimili wake. Taja dalili mbili ambazo mshonaji ataziona.

7. Mtembelee fundi cherehani aliye karibu nanyi. Mwombe ruhusa ya kutazama akishona vazi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hesabu mara anazokata uzi, na mara anazorudi nyuma kabla ya kukata. Je, kuna mahali alipokata bila kurudi nyuma? Mwulize sababu, uandike jibu lake.